Kisa cha "Hayupo": Ugawaji wa Dawa za Matende na Mabusha katika Mtaa Mmoja wa Wavuvi, Tanga

Kisa hiki ni cha miaka ile ambayo dawa za kinga ya matende na mabusha zilikuwa bado zikigawiwa nyumba kwa nyumba katika jiji la Tanga, na kilitokea katika mtaa mmoja wa pwani ambao sitautaja jina, kwa kuwa wakazi wake walitupokea kama wageni na si kama waandishi. Nilikuwa nikisimamia kundi dogo la wanafunzi waliokuwa wameanza masomo ya afya ya jamii na kupangiwa mtaa huo kwa mazoezi ya vitendo. Darasani walikuwa wamekwisha kufundishwa kwamba tabibu humtazama mgonjwa mmoja aliyeketi mbele yake, ilhali mtumishi wa afya ya jamii huwatazama watu wote, wakiwamo wale ambao hawajafika kituoni na pengine hawatafika. Maneno hayo waliyakariri vizuri, lakini hakuna aliyekuwa bado ameulizwa awahesabu watu hao ambao hawajafika.

Aliyetuletea tatizo ni mganga mfawidhi wa zahanati ya jirani. Taarifa ya ugawaji wa dawa ya mtaa ule ilikuwa nzuri mno, alisema, nzuri kiasi cha kumtia shaka. Karatasi ilionyesha kwamba watu tisa kati ya kila kumi wamemeza dawa. Lakini kila alipowauliza vijana waliokuja kwake kushonwa vidole vilivyokatwa na mshipi, au kutolewa miiba ya samaki, iwapo wamewahi kuzimeza dawa hizo, wengi walimjibu kwamba wao wanazisikia tu. Alitutaka tutafute mahali ambapo karatasi na vijana wale wanapishana.

Kabla ya kuingia mtaani niliwataka wanafunzi waueleze ugonjwa wenyewe bila kutazama madaftari yao, kwa sababu mtu asiyejua njia ya ugonjwa hawezi kujua ni nani hasa anayepaswa kufikiwa. Matende na mabusha huletwa na minyoo membamba kama nyuzi, ambayo katika nchi yetu ni ya aina ya Wuchereria bancrofti. Minyoo iliyokomaa hukaa katika mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, kwa muda wa miaka 6 hadi 8, ikizaa watoto wadogo mno kwa mamilioni, na watoto hao huingia katika damu. Mbu akimuuma mtu mwenye watoto hao huwafyonza pamoja na damu. Watoto hao hukua ndani ya mbu kwa siku 10 hadi 14 hivi, kisha huwa tayari kumwingia mtu mwingine. Vimelea hivi haviongezeki idadi ndani ya mbu kama vile vya malaria, na kwa kawaida mtu huhitaji kuumwa mara nyingi, kwa miezi na hata miaka, ndipo maambukizi yashike. Mgeni aliyekuja Tanga kwa wiki mbili anaweza kurudi kwao na malaria, lakini si rahisi arudi na busha. Ni ugonjwa wa mtu anayeishi mahali, akalala hapo usiku baada ya usiku, na hilo lilikuja kuwa na uzito katika kisa hiki.

Kwamba mbu anahusika ilijulikana mwaka 1877, pale Patrick Manson, daktari wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi Amoy nchini China, alipowapasua mbu waliomuuma mtu mwenye vimelea na kuwakuta minyoo wale wakikua ndani ya mbu. Jambo jingine ambalo lilikuja kudhihirika katika miaka hiyo ni kwamba watoto wa minyoo hawaonekani kwa urahisi katika damu ya mchana. Huzidi katika damu iliyo karibu na ngozi usiku, hasa kati ya saa nne na saa nane za usiku, saa zilezile ambazo mbu wanaowabeba hupenda kuuma. Kwa sababu hiyo watafiti kwa miaka mingi walilazimika kuwatoa watu damu ya kidole usiku wa manane, nami nitarudi kwenye jambo hilo, kwa kuwa pwani hii ina kumbukumbu ndefu kuhusu watu wanaokuja usiku kutafuta damu.

Dawa zilizokuwa zikigawiwa mkoani zilikuwa mbili, ivamektini na albendazoli, nazo zilimezwa pamoja mara moja kwa mwaka. Nchi nyingine nyingi zimetumia dawa iitwayo DEC (diethylcarbamazine), lakini sisi hatukuweza kuigawa kwa umma, kwa sababu mtu mwenye usubi, ugonjwa wa minyoo unaoweza kupofusha, akiimeza anaweza kudhurika vibaya, hasa macho, na usubi upo hapa hapa mkoani, katika maeneo ya milima ya Usambara. Dawa hizi mbili huwaua watoto wa minyoo walio katika damu, ila haziwamalizi wazazi. Ndiyo maana humezwa kila mwaka kwa miaka isiyopungua 5, ili mzunguko ubaki umekatika wakati wazazi wanazeeka na kufa. Shirika la Afya Duniani, ambalo lilianzisha mpango wa dunia wa kuutokomeza ugonjwa huu mwaka 2000, huhesabu kwamba kila mwaka angalau asilimia 65 ya watu wote wa eneo lenye maambukizi wanapaswa kumeza. Tanzania ilianza mwaka huohuo katika kisiwa cha Mafia, na Mkoa wa Tanga ukafuata mwaka 2004. Nawaomba wasomaji wayashike maneno "ya watu wote", kwa sababu kisa chote kinazunguka hapo.

Wanafunzi walikaa mtaani siku tatu, wakaleta rasimu ya taarifa. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili safi na ilikuwa na kosa kubwa. Ilisema kwamba tatizo la mtaa ni "mwamko mdogo wa jamii": kuna wanaoamini kwamba busha huletwa na kunywa madafu mengi, kuna wanaosema ni la kurithi, kuna wanaodai kwamba dawa hizo humaliza nguvu za kiume au ni uzazi wa mpango uliojificha. Pendekezo lao lilikuwa elimu zaidi, na vipaza sauti juu ya gari. Yote waliyoyasikia walikuwa wameyasikia kweli, kwani imani ya madafu ni ya zamani pwani yote. Lakini hawakuwa wamejiuliza iwapo wale wanaoyasema hayo ndio wale ambao hawakumeza. Neno mwamko lina hatari hiyo: humsamehe mpangaji wa kazi kila kosa lake na kumtwisha mwananchi. Niliwarudishia rasimu nikawaambia wakalisome daftari la mgawa dawa jina kwa jina, kisha wanieleze mbele ya majina ya wasiomeza limeandikwa neno gani.

Mgawa dawa wa mtaa alikuwa Bi Mkubwa mmoja aliyezaliwa hapo, mkunga wa jadi wa siku nyingi, ambaye daftari lake lilikuwa safi kuliko mengi niliyowahi kuyaona ofisini. Mbele ya kila jina ambalo halikumeza aliandika sababu kwa neno moja: mjamzito, mgonjwa, amekataa, hayupo. Wanafunzi walipoyahesabu walirudi wamenyamaza. Waliokataa walikuwa wachache, hawajai mkono na nusu. "Hayupo" zilijaza kurasa, na karibu zote zilikuwa za wanaume walio kati ya ujana na utu uzima. Zaidi ya hapo, Bi Mkubwa aliwaonyesha jambo ambalo daftari lenyewe lisingeweza kuwaonyesha. "Wanangu," aliwaambia, "hao niliowaandika hayupo ni wale ambao mke au mama alinitajia jina. Na zile nyumba za vyumba, mwenye nyumba ananijibu wapangaji hawajui. Hao sikuwaandika kabisa, ningemwandikaje mtu asiye na jina?"

Hapo ndipo hesabu ya shule ya msingi ilipotusaidia kuliko nadharia yoyote. Sehemu ina kiasi, kilicho juu ya mstari, na asili, iliyo chini yake. Mtaani kila mtu hugombania kiasi, yaani waliomeza, kwa sababu ndicho kinachoonekana. Asili huachwa ijipange yenyewe. Tarakimu nitakazozitumia ni za mfano, nimezichagua ili hesabu ifuatike kwa urahisi na mtaa usitambulike. Tuchukulie mtaa una watu 1,150 wanaolala humo kwa kawaida. Bi Mkubwa amewaandika 800 kuwa ni watu wa kupewa dawa, na 720 kati yao wamemeza. Ukigawa 720 kwa 800 unapata asilimia 90, ndiyo ile taarifa nzuri. Lakini chini ya mstari hawamo watoto, wajawazito na wagonjwa mahututi, tuseme 150, ambao hawapewi dawa kwa usalama wao (mtoto ambaye hajafika sentimita 90 kwenye fimbo ya kupimia hapewi, kwa kuwa vidonge vya ivamektini hukadiriwa kwa urefu), na hawamo wanaume na wapangaji 200 ambao hawakuandikwa. Gawa 720 kwa 1,150, na tisini ile inashuka hadi asilimia 62.6, chini ya kile kiwango cha 65. Hakuna aliyedanganya. Asilimia ya kwanza inajibu swali la kazi ya mgawaji kwa watu aliowaandika. Ya pili inajibu swali la mbu, ambaye hasomi daftari na huwauma watoto, wapangaji na mabaharia bila kubagua.

Mwanafunzi mmoja alipinga, na upinzani wake ulikuwa wa maana. Alisema kwamba pengo kati ya 62.6 na 65 ni dogo, na kwamba mwaka ujao linaweza kuzibwa kwa kuongeza juhudi katika nyumba zilezile. Nilimwomba apige hesabu nyingine. Tuseme kila mwaka asilimia 35 ya watu wanakosa dawa, lakini kila mwaka ni watu tofauti, wanaokosa kwa bahati tu. Baada ya miaka 5, aliyekosa mara zote tano ni 0.35 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano, yaani watu 5 hivi katika kila 1,000. Sasa tuseme asilimia ni ileile 35, ila wanaokosa ni walewale kila mwaka. Baada ya miaka 5 watu 350 katika kila 1,000 hawajawahi kumeza hata kidonge. Taarifa za mitaa hii miwili zinafanana kabisa mwaka baada ya mwaka, lakini katika mmoja ugonjwa unakufa, na katika wa pili umejificha kwa watu wanaofanana umri, jinsia na kazi, ukisubiri kampeni ikome. Alitazama karatasi yake kwa muda, kisha akauliza swali ambalo ndilo tulilopaswa kuanza nalo: hao walewale wako wapi, kwa nini hawapo?

Jibu hatukulipata ofisini. Tulilipata dikoni, yaani ufukweni vyombo vinapopandishwa, kwa nahodha mmoja aliyekuwa akitengeneza karabai, taa zake za kuvulia, jioni. Tulimweleza kwamba mabaharia wake hawapatikani nyumbani wakati wa dawa. Alitusikiliza kwa adabu zote, kisha akasema: "Bwana Afya, ninyi mnakuja giza. Mbalamwezi hatuwaoni."

Kwa msomaji ambaye hakukulia pwani, maneno hayo yanahitaji ufafanuzi. Dagaa huvuliwa kwa taa, nao huifuata taa pale tu mbingu inapokuwa nyeusi. Kwa hiyo kazi ya uvuvi wa dagaa hufuata mwezi wa mbinguni: katika siku za giza vyombo hutoka magharibi na kurudi alfajiri, samaki huuzwa asubuhi, na watu hulala mchana kutwa; mwezi ukikaribia kujaa kazi husimama, nyavu hushonwa, harusi hufungwa, na wanaume huonekana vibarazani. Kampeni ya dawa, kwa upande wake, hufuata kalenda ya ukutani na siku ambayo maboksi yamefika kutoka bohari. Mwaka ule ilikuwa imeangukia katikati ya giza. Bi Mkubwa alipita saa tatu asubuhi, mwanamume akiwa dikoni au amelala usingizi mzito, na mkewe, ambaye anajua thamani ya usingizi ule na anajua pia kwamba watu huambiwa wale kwanza ndipo wameze, alijibu "hayupo". Lilikuwa ni jibu la heshima kwa pande zote. Wengine hawakuwapo kweli: walikuwa dago, yaani wamehamia kambi za wavuvi za mbali kwa msimu mzima, wakifuata pepo na samaki.

Jambo hili haliishii kwenye dawa. Sensa ya mwaka 2022 ilimhesabu kila mtu mahali alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na mwezi wa usiku ule ulikuwa umebakiza siku chache tu kuisha. Ulikuwa usiku wa giza. Sisemi kwamba wavuvi hawakuhesabiwa, kwa kuwa makarani walikwenda hata madikoni. Ninachosema ni kwamba anayechukua idadi ya watu wa mtaa kutoka kwenye kitabu na kuiweka chini ya mstari wake anapaswa kujua kitabu hicho kilimkuta nani kitandani.

Nilitaka wanafunzi wasiyatupe yale waliyoyasikia kuhusu imani, bali wayaweke mahali pake. Kati ya wale wachache waliokataa alikuwamo mzee mmoja mwenye busha la miaka mingi, mvuvi aliyestaafu, ambaye alitukaribisha ukumbini na kutueleza sababu yake bila ukali. Alikuwa amemeza dawa miaka miwili mfululizo, na busha lake halikupungua hata kidogo. Mwaka wa tatu akaona hakuna haja. Wanafunzi walikuwa wamemwandika kuwa "hana elimu", kumbe mantiki yake ilikuwa nyoofu kuliko ya tangazo letu. Tulipita mitaani tukisema "dawa ya matende na mabusha", naye alikuwa na busha, akaimeza. Hakuna aliyemwambia kwamba vidonge vile havishushi busha, kwamba busha hutibiwa kwa upasuaji, na kwamba mguu wenye matende huhitaji kuoshwa kwa maji na sabuni kila siku, kukaushwa vizuri na kulindwa dhidi ya michubuko ili usishambuliwe na bakteria. Yeye alikuwa akiombwa ameze kwa ajili ya wajukuu zake, ili mbu akimuuma asipate cha kuwapelekea, lakini tulimwomba kwa lugha ya mgonjwa anayetafuta nafuu. Alipoelezwa hivyo alicheka. "Mngesema," alisema. Alimeza jioni ileile, na baada ya muda alikubali kuandikiwa rufaa ya upasuaji, jambo ambalo aibu ilikuwa imemzuia kulisema kwa mtoto wa kike aliyeshika daftari. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema amwonyeshe nani.

Kuhusu damu ya usiku, wazee wawili walitukumbusha siku ambazo watafiti walipita na taa wakichoma watu vidole saa sita za usiku, na jinsi neno mumiani, yaani mnyonya damu, lilivyoruka kutoka baraza moja hadi jingine. Siku hizi kipimo cha haraka huonyesha dalili za minyoo iliyokomaa hata kwa damu ya mchana, na ulazima wa kugonga milango usiku umepungua sana. Lakini kumbukumbu hukaa kuliko kipimo. Watu ambao waliwahi kutolewa damu usiku bila kurudishiwa majibu wana haki ya kuuliza maswali safari ya pili, na aliyeandika kwamba huo ni ushirikina hakuwa amewauliza walichoahidiwa.

Ipo pia habari ya mbu, nayo nitaipitia haraka kwa kuwa haikuwa kiini cha tatizo. Wanafunzi walipendekeza usafi wa mazingira, wakimaanisha kufyeka nyasi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mbu anayebeba ugonjwa huu mijini ni wa jamii ya Culex, naye huzaliana katika maji machafu: vyoo vya shimo vyenye maji, makaro yaliyopasuka, mifereji iliyoziba. Unaweza kuzifyeka nyasi zote za jiji naye asijue. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe nyepesi za plastiki juu ya maji ya vyoo hadi zikafanya tabaka ambalo mbu hawezi kutagia wala viluwiluwi kupumulia, na mbu hao walipungua sana. Katika mtaa wetu tuliishia kuorodhesha makaro manne yaliyopasuka na kuyapeleka kwa mtendaji.

Baada ya kumsikia nahodha tulipanga, pamoja na mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa wavuvi, jioni mbili za ugawaji palepale dikoni, mbalamwezi ikiwa imekolea na vyombo vimepandishwa. Bi Mkubwa alikaa kwenye kiti, fimbo ya kupimia ikaegemezwa kwenye ubavu wa mashua, mama lishe akakubali kuchelewesha kufunga ili watu wale kwanza, na nahodha akawa wa kwanza kusimama kwenye fimbo. Foleni ilijipanga yenyewe. Tukirudi kwenye hesabu yetu ya mfano, kama 150 kati ya wale 200 wakimeza, waliomeza wanakuwa 870 kati ya 1,150, yaani asilimia 75.7, na zaidi ya yote wanaoongezeka ni wale ambao hawajawahi kufikiwa.

Kosa lililofuata lilikuwa langu. Mtu mwenye watoto wengi wa minyoo katika damu anaweza kupata homa, kuumwa kichwa na kuumwa viungo siku ya kwanza au ya pili baada ya kumeza, kwa sababu mwili unahangaika na vimelea vinavyokufa. Kwa wengi hupita kwa paracetamol na mapumziko. Jambo hilo nililijua, nikaliambia kundi langu, lakini sikuhakikisha kwamba limetamkwa kwenye foleni, kwa kuwa niliogopa lingewakimbiza watu. Kijana mmoja aliamka na homa kali, akalala siku mbili, na kufikia adhuhuri diko zima lilikuwa na habari kwamba dawa imemlaza baharia. Jioni ya pili foleni ilikuwa nusu ya ile ya kwanza. Kilichotuokoa ni wakati: kwa kuwa ilikuwa mbalamwezi, kijana yule hakukosa safari wala mgawo wake. Ingekuwa giza, tungemnyima mapato ya usiku mbili, na sidhani kama tungemwona tena mtu yeyote dikoni. Nilikwenda kwao, nikamweleza mbele ya wenzake kwamba homa ile huenda ilionyesha kwamba alikuwa na vimelea na kwamba dawa imevikuta, na kwamba nilipaswa kumwambia kabla na si baada. Alikubali maelezo hayo kuliko nilivyostahili. Mmoja wa wenzake aliuliza kwa nini basi wale ambao hawakuugua walipewa, na hilo likawa somo bora la jioni ile, kwa sababu alilijibu baharia mwingine: hakuna anayejua nani anavyo mpaka ameze.

Kuna jambo moja ambalo mimi na wanafunzi hatukukubaliana hadi tunaondoka. Nahodha alipomeza kwanza, mabaharia wake wote walimeza. Wanafunzi waliliandika kuwa ni ushirikishwaji wa viongozi. Mimi niliona pia kwamba baharia hupata nafasi chomboni kwa hisani ya nahodha, na mtu ambaye riziki yake iko mkononi mwa anayemtazama hana uhuru kamili wa kusema hapana. Hatukuona aliyelazimishwa. Hata hivyo niliwataka waandike kwamba jioni ya pili tulimwomba nahodha, kwa heshima, akae barazani kwa mama lishe na si karibu na fimbo, na kwamba vijana wawili waliofika siku hiyo walisema hawataki, wakaandikwa "amekataa", wakaondoka bila kuulizwa neno la pili.

Mwaka uliofuata kampeni iliangukia giza tena, kwa kuwa tarehe yake hupangwa mbali na mtaa na hutegemea kufika kwa dawa. Bi Mkubwa alipita nyumba kwa nyumba kama kawaida, kisha akaomba abakiziwe makopo machache hadi wiki ya mbalamwezi. Katika daftari alikuwa amepiga mstari kwa rula na kuongeza safu moja baada ya ile ya sababu, akaiandika juu "Hurudi lini". Jina la kwanza nililolisoma humo, la mpangaji ambaye mwaka uliotangulia hakuwa ameandikwa kabisa, lilikuwa na maneno haya mbele yake: hayupo, yuko dago Kipumbwi, atarudi kusi likianza.